Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe: Mfiadini Ambaye Majivu Yake Yalichanganywa

Kila mwaka, tarehe 3 Juni, Kanisa huadhimisha kumbukumbu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, wafiadini wa Uganda. Waamini wengi wa ukanda wa Ziwa Viktoria wanazijua picha zao, wanazijua nyimbo zao, na baadhi yao wamekwisha kufika Namugongo kuhiji. Hata hivyo, ukiuliza wafiadini hao walikufaje, mara nyingi utapata jibu moja tu: walichomwa moto wote pamoja Namugongo, siku moja. Jibu hilo ni la kweli kwa wengi wao, lakini si kwa wote. Kati ya watakatifu 22 wa Kanisa Katoliki, waliokufa Namugongo siku ile ya Juni 3, 1886 ni 13. Tisa waliobaki walikufa mahali pengine na siku nyingine, wengine kwa upanga, wengine kwa mkuki. Kutoka kifo cha kwanza hadi cha mwisho ilipita miezi 14.

Wa kwanza kati yao hakufika Namugongo kabisa. Alikufa Novemba 15, 1885, zaidi ya miezi sita kabla ya moto ule mkubwa. Jina lake ni Yosefu Mukasa Balikuddembe. Maisha yake yanagusa pwani yetu ya kusini mwa ziwa kwa namna ambayo waamini wengi wa Mwanza hawajapata kuisikia. Ndiyo sababu tumeona vema kuyasimulia hapa, na wakati huohuo kutenganisha yale yaliyochanganywa juu yake.

Mukasa yupi?

Mchanganyiko wa kwanza unatokana na jina. Mukasa ni jina la kawaida katika Buganda. Katika dini ya jadi ya Waganda, Mukasa ndiye roho mkuu wa ziwa, na hekalu lake lilikuwa katika visiwa vya Ssese. Ndugu zetu Wahaya wanamfahamu kwa jina la Mugasha. Wazazi wengi waliwapa watoto wao jina hilo kwa heshima ya ziwa linalowalisha.

Kwa hiyo katika habari za wafiadini tunakutana na akina Mukasa kadhaa. Wa kwanza ni huyu Yosefu. Wa pili ni Mukasa Kiriwawanvu, aliyechomwa Namugongo akiwa bado mkatekumeni. Huyu hana jina la ubatizo kwa sababu maji ya ubatizo hayakumfikia, naye alibatizwa kwa damu yake mwenyewe. Wa tatu ni Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, ambaye pia aliitwa Mukasa. Huyo hakuwa rafiki wa Wakristo. Yeye ndiye aliyeshinikiza kifo cha Yosefu. Anayesoma haraka anaweza kumvika mshitaki taji la mfiadini, au kumtwika mfiadini hatia ya mshitaki.

Jina la pili la Yosefu, Balikuddembe, kwa Kiganda lina maana ya watu walio katika amani. Ndilo linalomtofautisha na wenzake, nasi tunafanya vizuri tukilitaja.

Kijana wa ikulu

Yosefu alizaliwa karibu na mwaka 1860. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi alipelekwa katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, kama ilivyokuwa desturi kwa vijana walioonekana kuwa na akili na adabu. Ikulu ndiyo iliyokuwa shule ya uongozi. Kijana aliyehudumu vizuri angeweza kupewa cheo na ardhi, na aliyekosea angeweza kupoteza maisha. Yosefu alipanda haraka. Alipewa kazi ya kumhudumia Kabaka ndani ya nyumba yake ya faragha, mahali ambapo hukaribishwa mtu anayeaminiwa peke yake.

Wakati akikua hapo, Habari Njema ilikuwa ikisafiri kuelekea Buganda kupitia nchi yetu. Mwishoni mwa mwaka 1878, kikundi cha kwanza cha Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, kilifika Kageye, pwani ya kusini mwa ziwa, baada ya safari ndefu ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kutoka hapo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitangulia kwa mtumbwi, wakatia nanga Buganda Februari 17, 1879. Padre Lourdel ndiye ambaye Waganda walimwita Mapera. Hivyo imani ya wafiadini wa Uganda ilivuka maji kutoka upande wetu.

Yosefu alikuwa miongoni mwa wale waliojiandikisha mapema kujifunza dini. Alibatizwa Aprili 30, 1882. Mathias Kalemba Mulumba, naye mfiadini wa baadaye, alibatizwa Mei 28 mwaka huohuo. Walikuwa Wakristo wachanga kabisa, na jaribu lao la kwanza halikuchelewa.

Wamisionari wako Bukumbi, Kanisa liko Buganda

Novemba 1882, hali ya Buganda ilipokuwa mbaya, wamisionari waliondoka. Walivuka ziwa kuja kusini, wakiwa na watoto yatima waliokuwa wamewakomboa utumwani. Mwaka 1883 walijenga misioni Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma, kando ya ghuba ya Mwanza. Wengi wetu tunaijua Bukumbi kama chimbuko la Kanisa katika jimbo letu. Tukumbuke pia kwamba Bukumbi ilianza kama mahali pa wakimbizi.

Upande wa pili wa ziwa walibaki wabatizwa wachache na wakatekumeni, bila padre, bila Misa, bila kitubio. Yosefu alikuwa na umri wa miezi saba tu katika ubatizo. Hapakuwa na mtu wa kumwambia la kufanya. Hata hivyo, kwa karibu miaka mitatu, yeye na walei wenzake walilishika Kanisa. Yosefu aliongoza wale wa ikulu. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwakusanya watu nyumbani kwake. Mathias Kalemba na Luka Banabakintu walifundisha Mityana. Walisali pamoja, walifundishana katekisimu na kuwatunza wagonjwa, na waliokuwa katika hatari ya kufa waliwabatiza.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akarithi kiti akiwa bado kijana mdogo. Alimfahamu Yosefu na kumpenda. Alimwacha katika nafasi yake na kumwongezea mamlaka juu ya vijana wote waliohudumu katika nyumba yake. Aliwaita pia wamisionari warudi. Padre Lourdel aliporejea Julai 1885, alikuta jumuiya kubwa kuliko ile aliyoiacha. Mbegu ilikuwa imeota wakati mkulima yuko mbali.

Mambo matatu yaliyomponza

Hapa pana mchanganyiko mwingine. Wapo wanaosimulia kwamba Yosefu aliuawa kwa sababu ya siasa. Wengine husema aliuawa kwa ajili ya usafi wa moyo peke yake. Wengine hutaja dawa. Ukweli ni kwamba mambo haya matatu yalikutana kwa mtu mmoja katika majuma machache, na mzizi wake ulikuwa mmoja.

Jambo la kwanza ni vijana. Mwanga alikuwa akiwataka kwa matendo ya aibu baadhi ya vijana waliomhudumia. Yosefu ndiye aliyewajibika kwao. Aliwafundisha kukataa, na alipohisi hatari aliwatuma kazi za mbali au kuwaficha ili wasionekane Kabaka alipowatafuta. Kabaka hakuzoea kukataliwa, na alielewa upesi kwamba nyuma ya ukaidi wa vijana yupo mkuu wao.

Jambo la pili ni kifo cha Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana. Askofu huyo alikuwa akija Buganda kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, wakati ambapo habari za Wajerumani kutwaa nchi pwani zilikuwa zimeitia ikulu hofu kubwa. Kwa amri ya Mwanga aliuawa Oktoba 29, 1885 pamoja na wapagazi wake wengi. Yosefu alimwendea Kabaka na kumweleza kwamba amekosea kumuua mgeni bila kumsikiliza, jambo ambalo baba yake hakulifanya. Tuzingatie kwamba mtu aliyetetewa hakuwa Mkatoliki. Yosefu hakuuliza dhehebu la marehemu kabla ya kusema ukweli juu ya damu yake.

Jambo la tatu ni dawa. Mwanga aliugua macho, Padre Lourdel akampa dawa. Kabaka alipojisikia vibaya baada ya kuinywa, washauri wake walimwonyesha kwamba amelishwa sumu, na kwamba Yosefu alihusika. Katikiro, aliyeogopa kwamba siku moja Yosefu angechukua nafasi yake, alipata aliyokuwa akiyangoja.

Kwa hiyo si sahihi kusema alikufa kwa siasa tu. Katika mambo yote matatu Yosefu alitii dhamiri iliyofundishwa na Injili, na alijua gharama yake.

Nakivubo, Novemba 15, 1885

Ilikuwa siku ya Jumapili. Hukumu ilikuwa kuchomwa moto akiwa hai. Yosefu alipelekwa Nakivubo, mahali ambapo leo ni katikati ya jiji la Kampala. Aliomba asifungwe, kwa kuwa mtu anayekufa kwa ajili ya dini yake hana sababu ya kukimbia. Mnyongaji mkuu, Mukajanga, alimfahamu na kumheshimu. Alichelewesha kazi yake akitumaini kwamba Kabaka angebadili nia, lakini Katikiro alituma mtu kuhimiza. Basi Mukajanga alifanya huruma iliyokuwa ndani ya uwezo wake: alimkata kichwa kwanza, ndipo akauchoma mwili.

Kabla ya kufa, Yosefu alimkabidhi Mukajanga ujumbe kwa Kabaka. Alimwambia Mwanga kwamba anamsamehe kwa moyo wote kumuua bila hatia, lakini anamsihi atubu, maana asipotubu, yeye Yosefu atakuwa mshitaki wake mbele ya Mungu.

Siku ileile Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Yosefu juu ya vijana, alikwenda misioni akabatizwa. Wengine walimfuata. Waliotaka kuizima imani ikulu waliona ikiwaka zaidi.

Majivu

Masimulizi yaliyopokewa tangu siku zile yanaendelea. Ujumbe ulipomfikia Mwanga, alicheka, lakini hofu ilimwingia. Aliogopa kwamba marehemu kweli atamshitaki. Akaamuru mtu mwingine auawe na kuchomwa, na majivu yake yachanganywe na ya Yosefu. Kwa namna hiyo, aliwaza, Yosefu hataweza kutambulikana tena ili amshitaki.

Habari hii si ngeni katika historia ya Kanisa. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, nchini Ufaransa ya leo, watesi waliichoma miili ya wafiadini wa mji ule na kuyatupa majivu katika mto Rhône. Walidhani kwamba wakifanya hivyo wataliondoa tumaini la ufufuko. Wale wa Lyon waliyatawanya majivu majini, na Mwanga aliyachanganya na ya mtu mwingine, lakini wote walipotea kwa wazo moja: kwamba Mungu anawatambua watu wake kwa mifupa yao.

Matokeo yake ni kwamba hatuna masalia ya Mtakatifu Yosefu Mukasa. Hakuna kipande cha mfupa cha kuwekwa altareni. Mahali alipofia pako karibu na soko kubwa la Kampala ambalo wengi wanaliita Owino, na ambalo kwa jina rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe. Watu hununua humo mitumba, nyanya na viatu, wakilitamka jina lake pengine bila kumkumbuka.

Na tusimsahau yule mwingine. Masimulizi hayakulihifadhi jina lake. Aliuawa ili tu majivu yake yatumike kama kifuniko. Tukimheshimu Yosefu, haki inatudai tumwombee na huyo asiye na jina, ambaye Mungu hakumchanganya na mtu yeyote.

Kwa nini kuchambua?

Huenda msomaji akauliza kama kuchambua habari za watakatifu hakuipunguzi ibada. Kanisa limekuwa likifanya hivyo kwa muda mrefu. Juu ya wafiadini wengi wa karne za kwanza tunazo habari za uhakika chache, na juu yake hadithi nyingi zilizoongezwa na mapenzi ya watu. Ndiyo sababu mwaka 1969 kumbukumbu ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima, ingawa ilirudishwa mwaka 2002 kama kumbukumbu ya hiari. Kanisa halikumtukana mtakatifu. Lilitaka sala zetu zisimame juu ya ukweli.

Kwa wafiadini wa Uganda tuna neema ambayo wengi wa kale hawakuipata: mashahidi wa macho walisikilizwa wakiwa hai. Mmoja wao ni Denis Kamyuka, kijana aliyekwisha kufungwa kwa ajili ya moto wa Namugongo, akaachwa dakika ya mwisho, akaishi kusimulia aliyoyaona. Ushuhuda wa namna hiyo ndio uliomwezesha Papa Benedikto wa Kumi na Tano kuwatangaza wenyeheri Juni 6, 1920, na Papa Paulo wa Sita kuwatangaza watakatifu Oktoba 18, 1964. Siku hiyo Papa aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ukweli huo nao unatudai kitu. Wakristo wa kwanza kuuawa katika Buganda walikuwa vijana watatu wa Kianglikana, Januari 31, 1885. Yosefu ni wa kwanza kati ya Wakatoliki, na yeye mwenyewe asingependa kuchukua nafasi isiyo yake.

Mwanga anabisha hodi Bukumbi

Habari haikuishia Nakivubo. Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Alikimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa, akafika Magu, ambako wafanyabiashara Waarabu walimpokea, kisha wakamshika kama mfungwa. Muda mfupi baadaye wamisionari nao walifukuzwa Buganda, wakarudi tena Bukumbi. Mwanga alipopata nafasi ya kutoka Magu, alikwenda mlango uleule. Mtu aliyemuua Yosefu Mukasa, Karoli Lwanga na wenzao aliomba hifadhi kwa mapadre waliowabatiza.

Walimpokea. Padre Lourdel, aliyempoteza Yosefu na vijana wale mmoja baada ya mwingine, alikuwa miongoni mwa waliompa makao. Wakristo wa Buganda walimsaidia baadaye kurudi katika kiti chake. Mwanga hakuwa Mkatoliki. Miaka mingi baadaye, akiwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli, alibatizwa katika Kanisa la Anglikana kwa jina la Danieli, akafa huko mwaka 1903. Lakini ujumbe ambao Mukajanga aliubeba kutoka Nakivubo ulikuwa na sehemu mbili: msamaha na mwito wa toba. Sehemu ya kwanza ilitimizwa hapa kwetu, katika nchi ya Wasukuma, kwa chakula na paa juu ya kichwa cha mkosaji.

Tunachoweza kubeba

Mahujaji wengi hurudi kutoka Namugongo wakiwa na chupa ya maji. Si vibaya. Kanisa linaheshimu masalia na mahali patakatifu, mradi visigeuzwe kuwa hirizi. Lakini kwa Mtakatifu Yosefu hakuna cha kuchota. Kilichobaki kwake ni mfano, nao unawahusu hasa walei.

Mzazi, mwalimu, katekista au mlezi aliyekabidhiwa vijana anaye msimamizi: mtu aliyesimama kati ya watoto na mwenye nguvu aliyetaka kuwadhuru, ingawa mwenye nguvu huyo ndiye aliyekuwa akimlisha. Jumuiya ya kisiwani au kijijini ambako padre hufika mara chache inaye ndugu aliyelishika Kanisa miaka karibu mitatu akiwa na ubatizo wa miezi saba. Na yeyote ambaye amekosewa na mtu wa karibu, akaona mkosaji huyo amesimama mlangoni anahitaji msaada, na aikumbuke Bukumbi.

Juni 3 ijayo, tutakapoimba majina ya wafiadini wetu, tusiyatumbukize yote katika moto mmoja. Tumtaje kila mmoja kwa jina lake, na Novemba 15 tusimpite huyu wa kwanza.

Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe, utuombee.